Swali la Ishirini

Kila Alhamisi hapa Tororo, mvua ikituachia nafasi,
tunasogeza meza za kantini ya Athieno
na kuchemsha bongo.
Makundi manne. Letu linaitwa Mwamba,
kwa sababu kila kitu hapa kinaitwa Mwamba:
duka la saruji, kinyozi, hata dobi.

Muulizaji ni Nyafwono. Mchana anauza dawa,
usiku anauza mashaka.
Kitabu chake alikinunua kando ya barabara, hakina jalada,
kurasa zimepauka rangi ya chai ya maziwa.
Anasoma kama anayempa mgonjwa maelekezo ya vidonge:
"Pweza ana mioyo mingapi?"
Mitatu! anaropoka Omuse, hajapewa hata ruhusa,
yeye ambaye bahari hajawahi kuiona.
"Bendera yetu ina milia mingapi?"
Hapo kimya. Watu wazima, tumeimba chini yake tangu chekechea,
sasa tunahesabu kwa vidole chini ya meza:
nyeusi, njano, nyekundu, tena nyeusi...
Sita. Sita, jamani. Tulikaribia kuumbuka.
"Mfupa mdogo kuliko yote mwilini uko wapi?"
Sikioni. Hilo nililijua mimi.

Mimi ni wakala wa forodha, Malaba.
Miaka kumi na minne nawajazia watu fomu:
betri, mitumba, mafuta ya kupikia, vioo vya madirisha.
Dunia naijua kwa mihuri yake.
Kwa hiyo swali la ishirini lilipofika,
nasi tukiwa sare na kundi la Walimu,
"Mji mkuu wa Burundi?"
sikushauriana na mtu. Niliandika
kama niandikavyo kila siku ya kazi,
mkono ukitangulia kichwa:
Bujumbura.

"Sahihi," akasema Nyafwono, kidole kikiwa ukurasani.

Mlangoni alisimama kijana mmoja, utingo,
shati limemganda mgongoni kwa mvua,
aliyekuja kununua chapati mbili tu
kwa kuwa foleni ya malori haijasogea tangu juzi.
Akasema, si kwa sauti,
kama anayemsahihisha mtoto wa mwenziwe:
"Ni Gitega. Walihamisha.
Mama anauza viazi huko."

Hakuna aliyegeuka. Radi ilikuwa imepasuka,
na Tororo radi ni jirani, haipigi hodi.
Lakini kile kimfupa,
kile cha swali la kumi na saba,
kilitikisika.

Ningeweza kuinua mkono.
Niliuinua, kweli: kupokea jogoo,
miguu imefungwa kwa utepe wa plastiki,
jicho lake moja likinikagua kama ofisa wa mapato.
"Kitabu hakikosei," Omuse akanipiga bega.
Hakikukosea. Kililala tu,
na nchi ikahama usiku bila kukiamsha.

Asubuhi nilitembea foleni yote kwa miguu.
Mfukoni noti ya elfu ishirini;
sijui nani aliniambia ndiyo bei ya jibu.
Turubai za bluu, jiko la mkaa chini ya ekseli,
madereva wanapiga mswaki na kutema kwenye nyasi.
Unamtafuta nani?
Utingo.
Utingo yupi? Wako mia hapa. Anaitwa nani?

Ishirini kwa ishirini, walinipigia makofi,
na hilo nikalikosa mchana kweupe.

Jogoo sikumchinja. Mke wangu ameudhika,
mchele alikuwa ameshauchambua.
Watoto nimewaambia jina lake ni Gitega,
na kila jioni wanamfukuza uani:
Gitega! Gitega, ingia ndani!
Jirani yangu, mwalimu wa jiografia,
wa kundi lile lile tulilolishinda,
akachungulia juu ya ua jana:
"Jogoo gani huyo anaitwa Gitega?"

Nikamwambia, swali zuri.
Lilete Alhamisi.